Siku ambazo mnunuzi wa nyumba hana pesa wala nyumba

Katika kila ununuzi wa nyumba kuna kipindi ambacho mnunuzi hana pesa wala nyumba. Pesa zimeshamtoka mkononi, na jina lililo kwenye daftari la ardhi bado ni la muuzaji. Kipindi hicho kinaweza kuwa cha saa chache au cha miezi. Ndani yake muuzaji anaweza kufariki, kufilisika, kushtakiwa na wadai wake, kumuuzia mtu wa pili, au kugundulika kwamba nyumba haikuwa yake tangu mwanzo. Ukiweka kando mihuri na makaratasi, wakili anayesimamia uhamisho wa miliki analipwa kwa sababu ya kipindi hicho. Kazi yake ni kukifupisha, na kisipofupishika, kukizungushia uzio.

Wanunuzi wengi hawamwoni hivyo. Nyumba wameshaiona na kuipenda, bei wameshakubaliana, dalali ameshawapongeza wote wawili, kilichobaki ni "kuandikishana" tu. Wanamwendea wakili kama mtu wa kugonga muhuri, tena wakati arubuni imeshalipwa. Maana yake wanamwendea wakati maswali makubwa aliyopaswa kuwauliza yameshajibiwa bila yeye: nani anashika fedha, arubuni inarudi au hairudi, na je, anayeuza ana haki ya kuuza?

Swali hilo la mwisho ndilo mama wa yote, kwa hiyo tuanze nalo.

Kinachouzwa si kuta

Nyumba haibebeki. Gari unakabidhiwa funguo unaondoka nalo, lakini nyumba inabaki palepale ilipo. Kinachohama ni haki juu yake, na haki haina bati la kugonga wala bomba la kufungua ili ujue kama ni nzima. Fundi atakuambia ukuta una ufa, lakini hawezi kukuambia kwamba muuzaji ni mmoja wa warithi watano na wanne hawajui kama nyumba inauzwa. Kanuni ni kongwe na inakubalika karibu kila mahali: mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Aliye na nusu huuza nusu. Asiye na kitu hukuuzia karatasi.

Hata muuzaji aliye mwenyewe kweli anaweza kuwa na haki ndogo kuliko unavyodhani. Wengi husema "nimenunua nyumba" wakiwa na maana ya kuimiliki milele, wao na vizazi vyao, ilhali sheria imewapa miaka ya kuhesabika. Tanzania, kwa mfano, ardhi yote ni mali ya umma iliyo chini ya Rais kama mdhamini, na anachopewa mtu mjini ni haki ya kumiliki kwa muda ulioandikwa kwenye hati, mara nyingi miaka 33, 66 au 99. Kenya, Katiba ya 2010 inamruhusu asiye raia kumiliki ardhi kwa upangaji usiozidi miaka 99. Huko England, mwenye fleti kwa kawaida ni mpangaji wa muda mrefu: jengo na ardhi yake vina mwenyewe mwingine. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza imebaki miaka mingapi. Miaka 99 iliyoanza kuhesabiwa zamani ikabaki 20 ni bidhaa tofauti kabisa, na benki nyingi zitasita kuikopeshea.

Haki ya muda huja na masharti yake. Kuna kodi ya pango la ardhi ambayo huenda haijalipwa kwa miaka. Kuna sharti la kujenga ndani ya muda fulani, au la kutumia kiwanja kwa makazi pekee huku muuzaji akiwa amefungua karakana uani. Sharti lililovunjwa linaweza kufanya haki yenyewe ifutwe, na ikifutwa ukiwa umeshanunua, aliyelivunja atakuwa mbali.

Kwenye fleti, ongeza ada ya huduma ya pamoja. Omba hesabu za miaka michache iliyopita na kumbukumbu za vikao vya wamiliki. Humo ndimo utakapokuta kwamba lifti inabadilishwa mwakani na kila fleti itachangia. Muuzaji anajua, na huenda ndiyo sababu anauza.

Daftari linasema nini, na linaaminika kiasi gani

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa karne nyingi, hata hivyo, ardhi katika nchi nyingi haikuwa na daftari la aina hiyo. Kulikuwa na mlolongo wa hati: fulani alimuuzia fulani, ambaye aliacha kwa mwanawe, ambaye aliweka rehani. Kila nyumba ilipouzwa upya, wakili wa mnunuzi alisoma mlolongo mzima tangu mwanzo, akitafuta kiungo kilichokatika. Mnunuzi aliyefuata alilipia kazi ileile upya.

Aliyechoshwa na jambo hili alikuwa Robert Torrens, mtu wa forodha wala si mwanasheria, katika koloni la South Australia. Sheria aliyoipigania ilipitishwa mwaka 1858 na wazo lake lilikuwa kugeuza meza. Badala ya daftari kuhifadhi ushahidi wa umiliki, daftari liwe ndilo umiliki wenyewe. Jina likishaandikwa na msajili, mtu ni mwenye mali kwa sababu ameandikwa, na akitokea aliyepoteza haki kwa kosa la daftari, serikali imfidie. Mfumo huo umesambaa sehemu nyingi za dunia, na sheria za ardhi za Afrika Mashariki zina damu yake.

Marekani ilikwenda njia nyingine. Mwaka 1868 Mahakama ya Juu ya Pennsylvania ilikataa kumfidia mnunuzi aliyepata hasara baada ya mtaalamu wake wa kukagua hati kutegemea, kwa nia njema, ushauri wa kisheria uliokuwa na kosa. Mtaalamu huyo hakuwa mzembe, kwa hiyo hakuwa na hatia, na mnunuzi akabaki na hasara yake. Miaka minane baadaye, mwaka 1876, ikaanzishwa Philadelphia kampuni ya kwanza ya bima ya hati: unalipa mara moja, na haki ikija kuonekana ina kasoro, bima inalipa. Mpaka leo mnunuzi wa Marekani hukutana zaidi na bima kuliko na dhamana ya daftari la serikali.

Sasa swali ambalo wanunuzi huliruka. Tuseme umepata nakala ya daftari na jina la muuzaji limo. Je, imetosha?

Jibu linategemea uko wapi, na kesi mbili zinaonyesha umbali uliopo kati ya majibu. Ya kwanza ni ya New Zealand, iliyoamuliwa katika rufaa ya mwisho mwaka 1967. Mke alighushi saini ya mumewe kwenye hati ya rehani. Wakopeshaji, wasiojua lolote, wakaisajili rehani hiyo. Deni lilipokwama wakaiuza mali, na aliyenunua naye akasajiliwa. Mume alipokuja kudai, aliambiwa kwamba usajili wa wakopeshaji ulikuwa imara licha ya saini ya kughushi, na wa mnunuzi vilevile. Hapo daftari lilishinda ukweli.

Ya pili ni ya Mahakama ya Juu ya Kenya, mwaka 2023, kuhusu kiwanja cha ufukweni Mombasa ambacho kilikuwa ardhi ya umma kabla ya kugawiwa mtu binafsi. Mahakama ilisema kwamba mzizi wa hati unapotiliwa shaka, haitoshi mwenye hati kuipunga mbele ya hakimu. Lazima aonyeshe kwamba hati ilipatikana kihalali tangu mgao wa kwanza. Kama mgao ule ulikuwa haramu, aliyenunua baadaye hakununua kitu, hata kama alinunua kwa nia njema na kwa fedha taslimu.

Kwa maoni yangu uamuzi huo umerudisha kazi ya kale ambayo Torrens alitaka kuiua. Panapofuatwa msimamo huo, upekuzi hauishii kwenye ukurasa wa leo wa daftari. Wakili mzuri atafuata hati nyuma hadi inapoanzia: nani aligawa, alikuwa na mamlaka gani, palitengwa kwa ajili ya nini kwenye ramani ya mipango miji. Kiwanja ambacho kwenye ramani kilikuwa shule au barabara, halafu ghafla kina mwenyewe binafsi, kinahitaji maelezo yaliyoandikwa, na hadithi ya dalali haihesabiki kuwa maelezo.

Upekuzi wenyewe si mgumu. Unaangalia jina la mwenye mali kama linalingana na kitambulisho cha anayekuuzia, namba ya kiwanja kama ndiyo ya nyumba uliyoonyeshwa, rehani kama ipo na ni ya nani, na kama kuna zuio, yaani notisi ya kusimamisha usajili mwingine, au amri ya mahakama. Uombe wewe au wakili wako, moja kwa moja kwa msajili. Nakala inayotoka mkononi mwa muuzaji, hata iwe na muhuri wa kung'aa namna gani, ichukulie kama tangazo la biashara.

Upekuzi pia ni picha ya dakika moja. Uliofanywa mwezi uliopita haujui kilichosajiliwa jana. Ndiyo maana hufanywa mara mbili: kabla ya kusaini mkataba, na tena pesa zikiwa karibu kutoka. Mifumo mingine imekwenda mbali zaidi. England, upekuzi rasmi wa mwisho unampa mnunuzi siku 30 za kazi ambazo maombi ya mtu mwingine hayawezi kumtangulia. Ujerumani, mnunuzi huandikiwa kwenye daftari alama ya tahadhari mara baada ya mkataba, na lolote ambalo muuzaji atafanya baadaye kinyume na alama hiyo halimgusi mnunuzi. Kwingine mnunuzi huweka zuio. Huu ndio uzio niliousema mwanzoni. Ukimuuliza wakili wako swali moja tu, liwe hili: "Kuanzia siku nitakapolipa mpaka jina langu liandikwe, ni kitu gani kinamzuia mtu mwingine asinitangulie?" Akijibu kwa kutaja kifungu na fomu, uko salama. Akikuambia muuzaji anafahamika, badilisha wakili.

Wasioandikwa

Daftari lina kasoro nyingine ambayo si kosa la mtu: haliwaonyeshi wote wenye haki.

Wa kwanza ni anayeishi ndani. Mwaka 1980 mahakama ya juu kabisa ya Uingereza ilisikiliza shauri la nyumba iliyosajiliwa kwa jina la mume peke yake, ingawa mke alichangia kuinunua na alikuwa akiishi humo. Mume aliiweka rehani kwa benki. Benki iliangalia daftari na haikumwuliza mke. Mahakama ikasema haki ya mke aliyemo ndani ya nyumba inaifunga benki, iwe imeandikwa au haikuandikwa. Afrika Mashariki sheria inalitamka jambo hili waziwazi. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, na Kenya nayo inadai ridhaa ya mwenzi. Muuzaji anayesema hajaoa wala hajaolewa na alete kiapo. Aliyeachika alete hati ya talaka na uamuzi wa mgawanyo wa mali. Na ridhaa iwe ya maandishi, iliyosainiwa mbele ya shahidi baada ya mwenye kuridhia kuelezwa anachokisaini. Kupiga simu ukasikia "shemeji hana neno" si ridhaa.

Wa pili ni warithi. Nyumba ya marehemu inauzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa au kuthibitishwa na mahakama, na hakuna mwingine. Mtoto mkubwa siye, hata kama ndiye anayeishi humo na kulipa bili. Kikao cha ukoo kilichoandika muhtasari mzuri kinasaidia sana kuepusha ugomvi lakini hakimpi mtu mamlaka ya kuuza. Omba barua ya uteuzi, kisha ithibitishe kwenye mahakama iliyoitoa.

Wa tatu ni aliyekaa kimya muda mrefu. Tanzania na Kenya, kama ilivyokuwa England kwa ardhi iliyosajiliwa, mwenye ardhi ana miaka 12 ya kudai arudishiwe; baada ya hapo mlango wa mahakama unaweza kufungwa. Kesi maarufu ya Uingereza ya mwaka 2002 ilihusu shamba ambalo jirani alilishia mifugo kwa kibali. Kibali kiliisha mwishoni mwa 1983, yeye akaendelea kulisha, na mwenye shamba hakuchukua hatua mpaka akapoteza ardhi yote, hati yake ikiwa safi kabisa.

Kwa hiyo kutembelea nyumba ni kitendo cha kisheria, na mtu aende nacho hivyo. Mwulize kila mtu mzima unayemkuta ndani anakaa kwa haki gani. Angalia njia ya miguu iliyokatiza uani: jirani akisema wamepita hapo tangu utoto wake, hiyo huenda ni haki ya kupita ambayo utairithi pamoja na nyumba. Nenda na mpima ardhi, atafute mawe ya mipaka na kuyalinganisha na ramani. Ukuta wa uzio unaonyesha alipoishia fundi, na mara nyingi fundi hakuwa na ramani. Nguzo za umeme na hifadhi ya barabara zina nafasi zake, na chumba kilichojengwa juu ya nafasi hizo kinaweza kubomolewa bila kujali kimepita mikono ya wangapi. Uliza pia kibali cha ujenzi, hasa cha ile ghorofa iliyoongezwa juu.

Kutoka maneno hadi mkataba

Arubuni imewaliza watu wengi kuliko hati za kughushi, kwa sababu hutolewa mapema, kwa furaha, na kwa maneno mawili. Neno lenyewe lina maana mbili vichwani mwa watu. Mmoja anadhani ni fedha ya kuonyesha nia, itakayorudi mambo yasipokwenda. Mwenzake anadhani ni fedha ya kufunga mlango, na ukirudi nyuma umeiacha. Wote wawili wanaweza kuwa sahihi kutegemea kilichoandikwa, na ndiyo sababu lazima kiandikwe: ni kiasi gani, nani anakishika, kinarudi kwa sababu zipi na ndani ya siku ngapi. Mshikaji bora ni wakili, kwenye akaunti ya fedha za wateja ambayo sheria inamkataza kuigusa kwa matumizi yake. Mshikaji mbaya kuliko wote ni muuzaji mwenye shida ya pesa, naye ndiye anayeiomba kwa haraka zaidi.

Lini hasa mnafungwa? Nchi hazifanani. England, hata baada ya bei kukubaliwa, kila upande unaweza kujitoa mpaka siku ambayo mikataba iliyosainiwa inabadilishana mikono, ambapo mnunuzi huweka asilimia 10 kwa kawaida. Mtu anaweza kugharamia upekuzi na ukaguzi wote kisha muuzaji akamkubali mwingine aliyeongeza dau. Ufaransa, mnunuzi wa makazi akishasaini mkataba wa awali ana siku 10 za kubadili mawazo bila kutoa sababu. Ujerumani, mkataba wa kununua ardhi usiosainiwa mbele ya mthibitishaji wa serikali hauna nguvu. Tangu sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1677, nchi zilizofuata mkondo wa Kiingereza zinadai mkataba wa ardhi uwe wa maandishi. Kenya inaongeza kwamba pande zote zisaini na saini zishuhudiwe. Lakini usilitegemee hilo kujiokoa. Karatasi ya ukurasa mmoja yenye kichwa "makubaliano ya awali" inaweza kuwa na kila kinachohitajika kukufunga. Saini ikishakaa, jina la karatasi halisaidii.

Ndani ya mkataba wenyewe nitagusa machache ambayo huonekana madogo.

Kama unategemea mkopo, mkataba useme utaendelea tu benki ikikubali. Bila maneno hayo, benki ikikataa, wewe ndiye uliyevunja mkataba, na arubuni inabaki upande wa pili.

Andika kwamba nyumba itakabidhiwa ikiwa tupu, watu na vitu vyote vikiwa vimeondoka. Mpangaji aliyemo ana haki zake, na kumwondoa kunaweza kuwa kesi ya kujitegemea. Usiirithi bila kujua.

Amua nani anabeba hasara nyumba ikiungua kati ya mkataba na makabidhiano. Katika sheria yenye asili ya Kiingereza, jibu la zamani humshangaza kila mtu: hatari inahamia kwa mnunuzi tangu siku ya mkataba, ingawa funguo hana. Ama mkataba ubadilishe hilo, ama bima ianze siku hiyohiyo.

Halafu kuna maswali kwa muuzaji. Kanuni ya kale inasema mnunuzi ajihadhari: muuzaji halazimiki kukuambia kila ubaya wa nyumba. Lakini akiulizwa kwa maandishi na kujibu uongo, ameingia kwenye udanganyifu, na hilo linadaika. Kwa hiyo uliza kwa maandishi hata unachodhani unakijua. Kuna ugomvi wowote na jirani? Maji yameshawahi kuingia ndani? Kuna notisi yoyote ya serikali? Ukimya hauna adhabu, ila jibu la uongo linayo.

Na lile linalosemwa kwa sauti ya chini: "Tuandike bei ndogo kidogo, kodi ipungue." Mbali na uhalifu wenyewe, ambao unatosha kumfanya mtu mwenye akili asimame, kuna hesabu ambayo mnunuzi huisahau. Ununuzi ukivunjika, mahakama itaangalia bei iliyoandikwa. Ile nyingine iliyopita chini ya meza utaidai kwa ushahidi gani? Na siku utakapouza nyumba kwa bei yake halisi, faida itahesabiwa kuanzia ile bei ndogo. Muuzaji amepunguziwa kodi ya faida yake, nawe umejibebesha ya baadaye.

Siku ya pesa

Turudi sasa kwenye kipindi kile cha hatari. Mara nyingi nyumba inayouzwa bado ina rehani ya muuzaji, na fedha za kuimaliza ni hizihizi zako. Benki haiachii hati mpaka ilipwe. Wewe hutaki kulipa mpaka hati iachiwe. Fundo hili hufunguliwa kwa ahadi rasmi ya wakili. Wakili wa muuzaji au benki yenyewe inaahidi kwa maandishi kwamba fedha zikiingia, deni litalipwa kwanza na hati ya kufuta rehani itatolewa. Ahadi ya namna hiyo ina uzito kwa sababu wakili anayeivunja anaweza kuwajibishwa yeye binafsi na kupoteza leseni. Ahadi ya muuzaji, "nitawalipa benki wiki ijayo", haina uzito huo.

Hati ya uhamisho isainiwe kabla pesa hazijatoka, ikae kwa wakili kwa amana, pamoja na ridhaa ya mwenzi, vitambulisho, risiti za kodi na vibali vyote. Kibali nacho si mapambo. Kenya, uuzaji wa ardhi ya kilimo katika maeneo yanayosimamiwa na bodi ya udhibiti wa ardhi ni batili bila kibali cha bodi hiyo, na usitegemee ukweli kwamba umeshalipa na kuhamia kuuponya ubatili huo. Tanzania, uhamisho nao lazima ufike kwa mamlaka ya ardhi kwa utaratibu wake. Pesa zinazotangulia kibali zimetangulia sheria.

Tapeli wa siku hizi anaijua ratiba yote hii. Anaingia kwenye barua pepe za wakili au za mteja, anasoma mazungumzo kimya kwa wiki kadhaa, na karibu na siku ya malipo anatuma ujumbe: akaunti yetu imebadilika, tumieni hii. Lugha ni ileile, kumbukumbu ya jalada ni sahihi, saini ya chini haina kasoro. Pata namba ya akaunti ana kwa ana siku ya kwanza kabisa, na ujumbe wowote wa kuibadilisha uthibitishe kwa kupiga namba uliyokuwa nayo tangu mwanzo. Usipige namba iliyomo kwenye ujumbe huo.

Mwingine hujifanya mwenye nyumba. Hupenda nyumba zisizo na rehani, zilizo tupu, ambazo mwenyewe yuko mbali. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ya England iliamua shauri la mnunuzi aliyemlipa tapeli wa aina hii, na ikasema wakili aliyemwakilisha tapeli naye anawajibika: alishika fedha za mnunuzi kwa amana, kwa ajili ya uuzaji wa kweli, akaziachia ilhali uuzaji wa kweli haukuwahi kutokea. Ulinzi huo haupo kila mahali. Kinachofanyika popote ni kuulizia kwa majirani, kulinganisha saini na za hati za zamani, na kuishuku hati ya uwakilishi iliyotengenezwa juzi na mtu anayedai mwenye mali yuko nje ya nchi. Piga simu kwa njia ya video na umwone mwenyewe. Mwenye mali akifariki, hati hiyo ya uwakilishi nayo kwa kawaida inakufa naye.

Neno moja kuhusu wakili mmoja kuwahudumia wote wawili. Litapendekezwa, kwa hoja ya kupunguza gharama. Lakini kila nilichoeleza hapa ni kitu ambacho maslahi ya mnunuzi na muuzaji yanavutana: lini pesa zitoke, nani abebe hatari, arubuni irudi lini. Mtu mmoja hawezi kuvuta kamba pande zote mbili. Kama fedha ni chache, punguza mahali pengine.

Mkinunua wawili, semeni mapema mnavyotaka kuandikwa. Kuna umiliki wa pamoja ambao mmoja akifa, sehemu yake inakwenda moja kwa moja kwa aliyebaki, na wosia hauigusi. Kuna umiliki wa mafungu, kila mmoja na fungu lake, linalorithiwa na watu wake. Ndugu wawili waliochanga kwa kawaida wanataka huu wa pili, na mara nyingi hujikuta wameandikwa kwa ule wa kwanza kwa sababu hakuna aliyewauliza.

Ushuru ukishalipwa na hati ikishapelekwa kwa msajili, omba upekuzi wa mwisho, ule ambao watu wengi hawaufanyi kwa sababu wameshahamia na wanapanga samani. Soma jina lako herufi kwa herufi na ulinganishe na kitambulisho. Linganisha namba ya kiwanja na ya kwenye mkataba. Kisha shuka kwenye sehemu ya madeni, uangalie kama rehani ya muuzaji imefutwa.